Futi Kumi na Tano Kutoka Barabarani

Mtu ninayemheshimu kuliko wote niliokutana nao Bwera enzi zile ni yule aliyeamuru nyumba yetu ibomolewe. Nasema hivyo nikijua vizuri kwamba siku ile nilimtukana mbele ya soko zima, na sikumbakizia kitu.

Tulivuka mto Lhubiriha kuingia Uganda tukitokea upande wa Butembo, Kongo, miaka ya sitini, vita vilipochacha kwetu. Tulikuwa watatu: baba, mama na mimi, msichana wa miaka ishirini na ushee mwenye ulimi mrefu kuliko umri wake. Baba alikuwa mwashi. Mapadri wa misheni walimfundisha kufyatua tofali, kulichoma na kulipanga, na alivuka mpaka na mwiko wake na mita ya mbao, ile ya kukunjwa, ameichomeka kwenye soksi. Mama alivuka na rozari na sufuria moja. Bwera tulipokewa na binamu yake mama, kwa maana Wakonzo wa huku na Wanande wa kwetu wanasikilizana lugha, na wengi ni ndugu wa damu. Alitupa chumba cha nyuma. Mimi nikajenga tanuri la udongo uani kwake nikaanza kuoka mikate ya kuuza sokoni, na watu wakaipenda.

Lakini chumba cha binamu hakikuhesabiwa kuwa makao. Serikali ilikuwa inawakusanya wakimbizi wasio na mahali pao na kuwapeleka kwa malori kwenye kambi za mbali, ambako hatukumjua mtu wala udongo. Tulisikia habari hizo kila juma. Mama hakutaka hata kuzisikia.

"Mie nilikimbia mara moja," alisema. "Mara ya pili munizike hapa hapa."

Wakati huohuo Bwera ilikuwa inapangwa upya. Kabla ya hapo kila mtu alijenga alipotaka, nyumba za udongo na majani zikabanana hadi mlango wa huyu ukafungukia jikoni kwa yule, na moto ulipozuka upande mmoja wa soko, safu nzima iliteketea kabla watu hawajapata pa kupita na maji. Basi akatumwa bwana mmoja kutoka Kasese aje apime viwanja. Alikuwa kijana mwembamba, mtoto wa familia ya wachimba madini iliyotoka mbali ikahamia Kilembe, na alivaa soksi ndefu na kaptura iliyopigwa pasi hata siku ya vumbi. Alikuja kwa pikipiki mara mbili kwa juma akiwa na tepu ya kupimia na mfuko wa vigingi. Watu walimwita Bwana Futi, kwa sababu neno hilo halikumwisha mdomoni. Mimi nilikuwa bado sijui futi ni nini, na baba pia hakujua.

Kwa barua ya chifu wa gombolola, yaani tarafa, baba alipata kiwanja. Karatasi ya masharti ilikuwa ya Kiingereza, na karani wa chifu aliisoma haraka haraka akitueleza kwa Kiswahili. Tofali liwe la kuchoma. Paa liwe la bati. Nyumba isimame ndani ya vigingi vinne. Kutoka barabarani iachwe nafasi ya kumi na tano. Na iwe imeezekwa kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu, la sivyo kiwanja apewe mwingine. Kwetu sisi maana yake ilikuwa moja tu: nyumba ikisimama, tunabaki, isiposimama, tunapanda lori.

Baba alifyatua matofali kando ya mto kiangazi chote. Alichoma tanuri mbili. Akamjengea mfanyabiashara mmoja ghala, naye akamlipa kwa mabati. Nilimwona akipata nguvu ambazo sikuwa nimeziona tangu tuvuke. Siku ya kuchora msingi alikunjua mita yake, akapima kutoka ukingo wa barabara mita kumi na tano kamili, akasimamisha kijiti, akarudi akapima tena. Kisha akapiga hatua kuelekea nyuma, akaona kwamba nyumba ya vyumba vitatu ingevipita vigingi vya nyuma kwa hatua mbili na kitu. Alikuna kichwa. Nyuma kulikuwa na majani tu, hakuna shamba la mtu.

"Serikali ya huku inapenda barabara sana," alisema. "Bon. Tuiheshimu. Huku nyuma ni pori, haina mwenyewe."

Hivyo ndivyo alivyokosea. Kwetu Kongo kila kitu kilipimwa kwa mita, na haikumpitia akilini kwamba ng'ambo ya kijito kile watu wangepima ardhi kwa kitu kingine. Aliitii sheria mara tatu na zaidi ya ilivyotaka. Majirani waliopita walimsifu kwa uwanja mpana alioacha mbele, na mama, ambaye hawezi kuona udongo mtupu akanyamaza, akapanda maharagwe pale.

Bwana Futi alikuwa amekaa wiki kadhaa akipima viwanja vya upande wa Mpondwe. Aliporudi kwetu kuta zilikuwa zimefika usawa wa linta, juu ya milango. Alisimamisha pikipiki, akatazama maharagwe, akatazama nyumba, akazunguka nyuma. Nilikuwa nimebeba kikapu cha mikate kichwani nikielekea sokoni, nikasimama. Alitoa tepu, akaivuta kutoka ukutani hadi kwenye kigingi, akaandika. Halafu akamwita baba kwa adabu.

"Mzee, hii nyumba iko nje ya vigingi. Imekalia njia ya nyuma. Inatoka."

"Inatoka inakwenda wapi?" baba aliuliza, kwa kweli, si kwa dhihaka.

"Inaenda mbele. Futi kumi na tano kutoka barabarani. Wewe umeacha karibu hamsini."

Ilichukua muda wao wawili kuelewana, hadi Bwana Futi akaeleza kwamba futi ni urefu wa mguu wa mtu. Baba alikunjua mita yake, Bwana Futi akaweka tepu yake sambamba nayo juu ya tofali, wakainama vichwa vikakaribiana. Nilimwona baba akihesabu kimyakimya. Alipoinuka uso wake ulikuwa umesinyaa.

"Kumbe huku banapima na muguu," alisema polepole. "Muguu ya nani?"

Waliokuwa karibu walicheka. Mimi sikucheka. Zilikuwa zimebaki wiki tatu mwezi wa tatu uishe, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Nilitua kikapu, nikamwambia yule kijana kwamba ana roho ya jiwe, kwamba anaona majani anayaita njia, kwamba soksi zake zimembana hadi damu haifiki kichwani. Watu wa soko walisogea kusikiliza. Nilimalizia kwa kumuuliza kama hana mama.

"Niko naye," alisema. "Anakaa Kilembe."

Akaandika karatasi ya amri, akampa baba kwa mikono miwili, akawasha pikipiki. Mimi nikabaki pale na hasira zangu zote, hazina wa kumwangukia.

Siku aliyorudi tena nilimfuata kwenye banda la chifu alikokuwa anakaa kuandika. Nilimpelekea mkate wa moto, uliopakwa siagi. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mpole, jambo ambalo halikuwa rahisi kwangu. Nilimweleza habari za lori. Nikamwambia aandike tu kwamba nyumba iko sawa, tuokoke kwanza, na baba angeisogeza taratibu mvua zikiisha. Nani angejua?

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza bei ya mkate, akalipa, akaukata vipande akampa na karani.

"Naandika kitu nimeona," alisema. "Sasa naona nyumba ndani ya njia. Ikitoka, nitaandika imetoka. Nitakuja kila siku kama mnataka, asubuhi, mimi mwenyewe. Lakini ile nyingine siwezi, dada."

Aliponiita dada niliumia zaidi. Siku ya pili nikapanda basi kwenda Kasese kumshitaki kwa mkubwa wake.

Kasese ya siku zile ilikuwa mji unaokua huku ukitazamwa. Reli iliishia hapo, shaba ya Kilembe ilipakiwa hapo, na kila ukipita ulikuta duka ambalo juma lililopita lilikuwa msingi. Nilizoea kuona vurugu mahali penye haraka ya namna hiyo. Lakini barabara zake zilikuwa zimenyooka, na maduka yalikuwa yamejipanga sawa, hakuna lililotanguliza tumbo mbele ya lenzake. Jua lilichoma, upepo wa bondeni ulipeperusha vumbi, na bado mtu aliweza kusimama njia panda akaona hadi mwisho. Nilipendezwa, nikajikasirikia kwa kupendezwa.

Mkubwa wake alikuwa mzee mwenye miwani. Nilipoanza kulalamika aliuliza ni nani aliyekataa nyumba yetu. Nikamweleza yule wa soksi ndefu. Mzee akaguna, akavua miwani akaifuta.

"Yule? Basi, mwanangu, rudi mbomoe. Utapoteza nauli bure."

Sikuondoka. Nadhani aliona kwamba sitaondoka, ndipo akaniita kwenye ukuta wa ofisi. Palitundikwa ramani. Alinionyesha Kasese kwa rangi: huku makazi, huku gereji na karakana zenye kelele na moshi, huku soko, huku shule, hata mahali pa makaburi. Nusu ya vitu hivyo sikuwa nimeviona nilipopita njiani, kwa sababu havikuwepo bado. Watu walikuwa wamekaa wakawafikiria wengine ambao hawajafika, wapi watachota maji na wapi watoto wao watasoma bila kuvuta moshi wa gereji. Kisha akafungua karatasi nyingine, ndogo zaidi, ya Bwera. Alitafuta kwa penseli hadi akapata kiwanja chetu. Kilikuwa kisanduku kidogo kama punje ya mhindi. Nyuma yake ulipita mstari mwembamba, na mzee aliufuata kwa penseli: nyuma ya sokoni, nyuma yetu, nyuma ya viwanja ishirini vilivyokuwa havijapewa watu, hadi mtoni.

"Moto ukitokea, maji yatapita hapa," alisema. "Na choo zikijaa, gari ya kunyonya itapita hapa. Na mama zenu wakienda mtoni, hapa. Nyumba yenu imekaa wapi?"

Alininyooshea penseli. Niliichukua, nikaigusisha pale nyumba yetu iliposimama. Ilikaa katikati ya mstari. Tulikuwa tumeziba njia ya watu ambao hawajazaliwa, na mama alikuwa amepanda maharagwe mahali ambapo sisi ndio tulipaswa kukaa.

Sina la kuongeza kuhusu safari ile ila kwamba nilirudi kimya. Binamu ya mama aliniuliza kama naumwa.

Nilimkuta baba ameshaanza. Alikuwa hajapigia kuta simenti, tofali zilishikana kwa udongo tu, na udongo alijua namna ya kuuachisha. Hakubomoa. Nataka hilo lieleweke, kwa kuwa watu wa Bwera walisimulia baadaye kwamba nyumba ilibomolewa. Alipanda kwenye kipandio na mwiko, akawa anavua tofali moja moja kutoka juu, analigonga kidogo, linaachia, anamkabidhi mtu wa chini, na yule anampa mwingine. Tulisimama mstari kutoka nyumba ya zamani hadi msingi mpya, ukipita katikati ya maharagwe: jamaa waliovuka nasi, binamu na wanawe, wateja wangu wa mikate, na watu wa Kyarumba, kule milimani, walioshuka na kahawa yao wakaona kazi wakatua mizigo. Wale wa milimani walitushinda wote. Walizoea kupanda mteremko na gunia kichwani, kwao uwanja tambarare ulikuwa mchezo. Tofali lililotoka kona ya kushoto ya zamani baba alilitaka kwenye kona ya kushoto ya mpya, na ole wako ukimpa la dirishani.

"Hapana hiyo!" alikuwa akifoka. "Hiyo ya mulango! Beko wapi ba dirisha?"

Mvua ilitunyeshea siku tatu. Tulifunika kuta mpya kwa majani ya migomba na mikeka, tukangoja chini ya mabati yaliyoegemezwa, tukatoka tena. Na kila asubuhi kabla ya soko kuchangamka pikipiki ilifika. Yule kijana aliacha kazi yake ya upande wa Mpondwe akaja kwetu kwanza, kila siku, kama alivyosema. Alipima mstari, akasema "endelea" au "sogeza", akaondoka. Siku ya pili alimpa baba kipande cha ubao alichokitia alama kumi na mbili kwa kisu, akamweleza inchi. Baba akakikubali kwa heshima, ingawa nilimsikia akimnong'oneza mama kwamba watu wanaohesabu hadi kumi na mbili badala ya kumi wana shida zao nyingine.

Simsifu bure. Angeweza kuja mara mbili kwa juma kama kawaida na hakuna ambaye angemlaumu. Tungejenga ukuta umepinda, tungeubomoa, na mwezi ungeisha. Hakutupunguzia hata futi moja, lakini muda wake alitupa wote.

Jumamosi ya mwisho bati la mwisho lilipigiliwa. Alikuja kukagua akiwa na karatasi ya kibali. Alipima nyuma: njia wazi. Alipima mbele, upande wa kulia: kumi na tano. Upande wa kushoto, kwenye nguzo ya baraza, alivuta tepu, akatazama, akavuta tena. Baba alikuwa amesimama kando yake akiangalia tepu ileile. Baba akachukua nyundo, akavua tofali sita za nguzo, akaziweka upya vidole viwili nyuma, sisi wote tukingoja juani. Kisha kijana akapima, akaweka karatasi juu ya goti, akatia sahihi.

Jumatatu lori lilikuja.

Orodha ilikuwa imeandikwa zamani, tulipokuwa bado kwa binamu, na majina yetu yalikuwemo. Askari wawili walipita nyumba kwa nyumba. Hawakutaka maelezo. "Panda! Haraka!" Mama alipanda na sufuria. Baba alipanda akiwa ameshika karatasi kifuani. Mimi nilipanda nikipiga kelele kwamba tuna nyumba, na askari akaniambia kila mtu ana nyumba leo.

Hakusema uongo. Afisa aliyesimama nyuma ya lori alikuwa anapewa karatasi kutoka kila upande. Moja ilikuwa na muhuri wa mtu mkubwa, akatuma askari akaangalie. Askari akarudi akasema ni kibanda cha majani. Ya pili ilitaja nyumba isiyokuwepo kabisa. Ya tatu hakuisoma, aliikunja tu akaitupa, na mwenyewe akaanza kulia. Nilikumbuka ule mkate wa siagi, nikaona wazi nilichokuwa nimeomba kule kwenye banda la chifu: karatasi kama zile zilizokuwa zinakanyagwa pale chini.

Baba alinyoosha yake. Afisa aliipokea amechoka, akaenda moja kwa moja chini kwenye sahihi. Akaitazama muda mrefu.

"Huyu wa pikipiki? Wa Kilembe?"

"Ndiyo, afande," nilisema.

"Huyu ndiye alibomoa duka ya shemeji yangu kule Kasese. Nilienda kumuomba mimi mwenyewe, na bunduki kwa bega. Alikataa." Aliikunja karatasi vizuri kwa mistari yake, akamrudishia baba. "Kama huyu anasema nyumba iko, iko. Shuka, mzee. Mama, shuka."

Hakutuma mtu kwenda kuangalia.

Mama alishuka akienda moja kwa moja nyumbani bila kugeuka. Mimi nikaenda kumtafuta yule kijana. Sikujua nitamwambia nini. Nilitaka kumwomba radhi kwa habari za soksi, na za mama yake, na za mkate. Nilimkuta mwisho wa safu mpya ya viwanja, tepu mkononi, mbele ya mtu ambaye ukuta wake ulikuwa umetoka nje ya kigingi. Yule mtu alikuwa anafoka hadi mishipa ya shingo imesimama. Alikuwa amefika pale pa kumwambia kwamba hana roho.

Nilivua kanga ya begani nikajifunga kiunoni.

"Kaka," nilimwambia yule mtu, "vua matofali kuanzia juu, moja moja. Usiyavunje. Naenda kuita watu waje kubeba."